Ogawa ni nani? Sukari ya juu ya mikrobi ya kolera na namna inasomwa



Leo sitaongea juu ya kutafuta kazi wala juu ya burse. Nataka tuongee juu ya neno moja lenye lilinipatisha haya mbele ya mama yangu.

Ilikuwa msimu wa mvua, kwetu ku Katuba. Visima vilikuwa vimejaa maji ya juu juu, yale yanaingia kutoka mifereji, na vyoo vya majirani viko mita chache tu. Usiku mdogo wangu akaanza kuhara. Kulipokucha macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya mkono, ukiivuta, inabakia imesimama. Tulimbeba mpaka ku kituo cha kolera. Walimpa maji ya chumvi na sukari, wakamtia na serumu mu mshipa, na kisha siku mbili akaomba bukari. Pale njo tulijua amepona.

Siku zikapita, majibu ya labo yakatoka. Muuguzi mmoja akatuonyesha karatasi: «Vibrio cholerae O1, Ogawa». Mama akaniangalia.

«Weye njo ulisoma mambo ya mikrobi. Huyu Ogawa ni nani?»

Bandugu, niko na lisansi ya agronomi. Nimepima udongo, nimehesabu mbolea, nimelima mahindi ya majaribio. Lakini siku ile nilijibu tu: «Mama, ni aina ya kolera.» Jirani yetu mmoja alikuwa pale, na yeye hakukosa jibu: «Aina mupya! Jina ya Kijapani ile. Na chanjo yao haitaiweza, juu chanjo ni ya kolera ya zamani.» Jioni habari ile ilikuwa imezunguka avenyi nzima.

Mtu mwenye kusoma akinyamaza, mwingine anajaza nafasi. Nikaenda kusoma. Nilichopata njo hiki: tofauti yote kati ya Ogawa na ndugu yake Inaba ni kipande kidogo sana cha kemia, chembe moja ya kaboni na tatu za idrojeni, ku ncha ya mnyororo wa sukari. Na kukipata kulichukua miaka mingi. Hebu niwaeleze.

Mikrobi inavaa koti ya sukari

Kolera si mgeni mu inchi yetu. Tangu miaka ya 1970 inarudi rudi pembeni ya maziwa: Tanganyika na Kalemie yake, Kivu, Upemba na vijiji vya Bukama. Mwaka 1994 ilichinja wakimbizi kule Goma. Mwaka 2008 ilipiga hapa kwetu Lubumbashi na Likasi. Kwa hiyo tuko na haki ya kuijua vizuri, si kwa jina tu.

Mikrobi ya kolera iko na ngozi mbili. Ngozi ya inje imepandwa molekuli zinazoitwa lipopolisakaridi: mafuta upande mmoja, sukari upande mwingine. Mimi kama mwana-agronomi naiona sawa shina la muhogo. Mizizi njo sehemu ya mafuta, imejificha ndani ya ngozi ya bakteria, haionekani. Shina fupi njo kiini cha sukari. Na juu kabisa kuna matawi marefu yanayotokea inje: mnyororo wa sukari zinazojirudia, moja nyuma ya nyingine. Mnyororo ule njo unaitwa antijeni O. Herufi O si sifuri. Ilitokea ku maneno ya Kijerumani *ohne Hauch*, «bila pumzi», namna banasayansi wa zamani walitofautisha mikrobi zenye hazisambai juu ya sahani kama ukungu wa pumzi juu ya kioo.

Mwili wako ukikutana na mikrobi, kitu cha kwanza unagusa ni matawi yale. Kingamwili zako, askari wa damu, zinasoma sukari ile sawa vile polisi anasoma plake ya gari. Kwa hiyo banasayansi walipanga Vibrio cholerae kwa sukari yake ya inje, na mpaka sasa vikundi vinapita 200. Vingi havina shida kubwa. Vyenye vimeleta kolera ya kusambaa ni viwili tu: O1 na O139. Hata kile kikaratasi cha kupima cha haraka, chenye wanachovya mu kinyesi na kungoja mistari itokee, kinachotafuta ni sukari ya O1 na O139. Tunadhani kinatafuta mikrobi, kumbe kinasoma koti yake.

Bukari na kuni ni sukari ile ile

Sasa mtu atauliza: sukari ni sukari, kuna kitu gani cha kutafuta pale?

Angalia bukari na kuni ya kuipikia. Wanga ya unga wa mahindi ni minyororo ya glukozi. Nyuzi za ubao ni minyororo ya glukozi pia, ile ile, chembe kwa chembe. Mu vyote viwili, kaboni namba 1 ya glukozi moja inashika kaboni namba 4 ya glukozi inayofuata. Lakini mu bukari kiungo kinaangalia upande mmoja, wanaouita alfa, na mu kuni kinaangalia upande mwingine, wanaouita beta. Basi. Tofauti ile ndogo njo inafanya ushibe na bukari, lakini ukitafuna ubao ufe na njaa.

Kwa hiyo kujua jina la sukari haitoshi hata kidogo. Ili useme unajua muundo wa polisakaridi, unapaswa kujibu maswali matano:

1. Sukari gani ziko ndani, na ngapi ngapi?
2. Kila moja inashika jirani yake ku kaboni namba ngapi?
3. Kiungo ni cha alfa ao cha beta?
4. Zinafuatana namna gani?
5. Kuna mapambo gani yamebandikwa juu yake: asidi, metili, asetili?

Protini tunaweza kuisoma kupitia jeni, juu ADN inaandika asidi-amino moja moja kwa mpangilio. Sukari haiko vile. ADN haiandiki mnyororo wa sukari moja kwa moja. Inaandika tu vimeng'enya vyenye vinaujenga. Ukisoma jeni unajua mafundi wako wangapi, lakini nyumba yenyewe unapaswa kwenda kuipima na mkono.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza unalimisha mikrobi, nyingi, mu maji ya chakula, na unaziua. Kisha unatoa lipopolisakaridi. Njia yenye ilijulikana sana ni ya Westphal na wenzake, ya mwaka 1952: unachanganya mikrobi na maji na fenoli, unapasha mpaka karibu nyuzi 68. Ikipoa, maji na fenoli vinaachana sawa mafuta na maji. Protini nyingi zinaenda upande wa fenoli, na sukari zinabakia mu maji. Kisha unachemsha na asidi ndogo, kama asidi ya siki, ili ukate pale mizizi inakutana na shina. Mafuta yanaanguka chini, matawi ya sukari yanabakia juu. Unayapitisha mu bomba lenye gele ili ndefu na fupi ziachane. Ukifika hapa uko na unga mweupe kidogo sana, na wiki kadhaa za kazi zimeisha.

Kisha unajibu swali la kwanza. Unachukua sehemu ya unga, unaichemsha na asidi kali mpaka mnyororo wote unakatika kuwa sukari moja moja, sawa mkufu wa shanga wenye uzi umekatika. Unazibadilisha kidogo ili ziweze kugeuka mvuke, na unazipitisha mu kromatografia ya gesi. Kila sukari inatoka ku saa yake.

Kwa O1 jibu lilikuwa la ajabu. Hakukuwa glukozi mingi, hakukuwa galaktozi mu mnyororo ule. Kulikuwa sukari moja tu, inajirudia: perosamini. Ni sawa manozi, lakini ku kaboni namba 4 kuna kikundi cha nitrojeni pa nafasi ya oksijeni, na ku kaboni namba 6 oksijeni imekosekana. Na juu ya nitrojeni ile kumebandikwa asidi ndogo ya kaboni nne. Pambo lile linapotea kirahisi ukichemsha kwa asidi kali, kwa hiyo mtu mwenye haraka anaweza kuvunja shahidi wake mwenyewe mbele ya kumsikiliza.

Swali la pili, la viungo, linahitaji ujanja. Ujanja ule nitaueleza na kitanda. Fundi wa mbao amekuletea kitanda kimeunganishwa, na wewe hujui viungo viko wapi. Unakipaka rangi chote, kila pahali brashi inafika. Kisha unakifungua kipande kwa kipande. Pale penye hapana rangi, njo palikuwa kiungo, juu brashi haikuweza kuingia. Banakemia wanafanya vile vile: wanapaka sukari na metili, kaboni moja na idrojeni tatu, ku kila mkono wa OH wenye uko huru. Hakomori alitoa njia nzuri ya kupaka mu mwaka 1964. Kisha wanakata mnyororo na asidi, na wanapitisha vipande mu kromatografia ya gesi yenye imefungwa na spektrometa ya masi, ile mizani ya molekuli. Mkono wenye haukupata metili njo ulikuwa umeshika jirani.

Kwa O1 mkono ule ulikuwa wa kaboni namba 2. Kila perosamini inashikwa na jirani yake ku namba 2, kutoka namba 1 ya yule jirani. Mushike hili, juu tutalirudilia.

Swali la tatu na la nne zinajibiwa zaidi na RMN. Unatia unga mu maji mazito, unaingiza mu sumaku yenye nguvu sana, na kila chembe ya idrojeni na ya kaboni inajibu kwa sauti yake. Idrojeni ya kaboni namba 1 ya kila sukari inasimama pembeni ya wengine, kwa hiyo unaihesabu kirahisi. Kwa glukozi, namna idrojeni namba 1 na namba 2 zinavyosukumana inakuambia alfa ao beta. Kwa jamaa ya manozi, na perosamini ni ya jamaa ile, alama ile haisaidii. Unapaswa kuangalia namna kaboni namba 1 inavyoshikana na idrojeni yake mwenyewe. Ikiwa karibu 170 ni alfa, ikiwa karibu 160 ni beta. Kwa O1 ni alfa.

Kwa hiyo picha ikatokea. Redmond alitoa kazi yake juu ya mnyororo wa Inaba mu 1979. Mu 1982, Kenne, Lindberg na wenzao wa Sweden wakatoa yao. Mnyororo wa perosamini, alfa, moja kwa mbili, zenye kubeba asidi yao ndogo, karibu 12 mpaka 18 kwa kila tawi.

Metili moja ku ncha

Lakini swali la mama yangu lilibakia. Ogawa ni nani?

Labo za hospitali zilikuwa zinatofautisha Ogawa na Inaba tangu zamani sana. Ni majina ya Kijapani, ndiyo, na kuna ya tatu yenye ni haba, Hikojima. Unatia tone la mikrobi juu ya kioo, unaongeza serumu yenye kingamwili za Ogawa. Zikishikana na kufanya vibonge vidogo vidogo, ni Ogawa. Serumu ya Inaba ikifanya vile, ni Inaba. Kingamwili ziliona tofauti, lakini banakemia hawakuwa wanaiona: mnyororo ni ule ule, sukari ile ile, kiungo kile kile.

Mu 1993 Hisatsune na wenzake, kule Japani, walionyesha kwamba Ogawa iko na perosamini moja yenye metili ku namba 2, na Inaba haina.

Sasa rudilia lile la namba 2. Mu mnyororo, namba 2 ya kila perosamini imeshikwa na inayofuata. Ni ya mwisho tu, ile ya ncha, njo namba 2 yake iko huru, juu hakuna mwingine nyuma yake. Kwa hiyo metili ile inaweza kukaa pahali pamoja tu: ku ncha kabisa. Inaba inaacha mkono wazi. Ogawa imeufunga na metili.

Muone ugumu. Perosamini moja na asidi yake ina uzito wa 247. Tawi lenye ziko 15 linapita 3700. Metili inaongeza 14. Ni chini ya nusu ya asilimia moja. Mu RMN sauti yake inakuja kidogo, katikati ya kelele za wengine kumi na nne.

Na kuna mtego mwingine, wa kile kitanda chetu. Kama fundi alikuwa amepaka kipande kimoja na rangi ile ile mbele ya kukuleteshea, utakijua namna gani? Wewe mwenyewe umepaka chote! Ukitumia metili kutafuta viungo, metili ya mikrobi yenyewe inapotea ndani ya metili yako. Dawa iko mbili: ama unaangalia sukari mbele ya kupaka, ama unapaka na rangi tofauti, yaani metili yenye idrojeni nzito, ili mizani ionyeshe ipi ni yako na ipi ni ya mikrobi. Somo lile ni la kila mtu mwenye anafanya utafiti, hata wa shamba: chombo chako cha kupimia kinaweza kufunika kile unachotafuta.

Mwili unaona kile mashine inatafuta kwa shida

Mu mwaka 2000 timu moja ilitoa picha ya kristali ya kingamwili ya Ogawa imeshika sukari yake. Walikuta nini? Kingamwili inashika sana ile sukari ya ncha, na iko na kashimo kadogo kenye metili inaingia sawasawa. Bila metili, mushiko unalegea. Ufunguo na kitasa.

Kuna kimeng'enya kimoja chenye kinabandika metili ile, na jeni yake inaitwa wbeT. Jeni ile ikiharibika, Ogawa inakuwa Inaba. Kuharibu jeni ni rahisi kuliko kuitengeneza, kwa hiyo safari ya Ogawa kwenda Inaba inatokea mara nyingi kuliko kurudi. Ni kolera ile ile, sumu ile ile, imevua kofia tu. Kwetu mashariki ya Kongo zote mbili zimeshapatikana. Mwaka ambapo bantu bengi beko na kinga ya kofia moja, ile ingine inapata njia.

Lakini, na hapa njo jibu la jirani yetu, mnyororo ulio nyuma ya ncha ni mmoja. Kuna kingamwili zenye zinashika ule mnyororo na hazijali kofia. Kwa hiyo mwenye alipata moja anapata ulinzi fulani kwa ingine, japo si sawasawa. Na wenye kutengeneza chanjo ya kunywa walilijua jambo lile: Shanchol na Euvichol ziko na mikrobi zilizouawa za Ogawa na za Inaba, pamoja na O139. Euvichol-S, yenye OMS ilikubali mu mwezi wa 4 mwaka 2024, iliacha O139, lakini Ogawa na Inaba zote zimebakia. Ogawa si mupya, na chanjo haikumsahau.

Tena, muone nini inatokea koti ikibadilika kabisa. Mu 1992 kule India na Bangladesh ilitokea O139. Bantu bakubwa, benye walikuwa wamezoea kolera na beko na kinga ya O1, walianza kuanguka tena. Sukari za koti yake ni zingine kabisa. Ndani yake mna moja inaitwa kolitozi, ambayo O1 haina. Plake ya gari ilikuwa mupya, na polisi wa mwili hakuitambua. Kwa hiyo kusoma koti si mchezo wa banakemia wa Ulaya. Ni kujua kama kinga yenye watoto wetu beko nayo itafaa mwaka kesho.

Mwana-agronomi anatafuta nini hapa?

Wengine wataniuliza vile. Nendeni mu shamba la muhogo lenye ugonjwa wa bakteria, ule unachoma majani na kukausha ncha za miti. Angalieni shina changa asubuhi: mtaona matone ya gundi, ya manjano ao ya kahawia. Ugonjwa ule ulipita mu Zaire miaka ya 1970 na kuleta njaa mu vijiji vingi, na programu ya taifa ya muhogo ilianza kule M'Vuazi wakati ule. Ndani ya gundi ile mna polisakaridi za Xanthomonas. Ndugu yake mwenye kuishi ku kabichi anatoa gundi inayoitwa ksantani. Someni karatasi ya boksi ya mayoneze: E415 njo hiyo.

Nani alisaidia kutoa muundo wa ksantani, mu 1975? Jansson, Kenne na Lindberg. Kenne na Lindberg wale wale wa kolera! Mnyororo wa glukozi wa beta, sawa ule wa kuni, lakini kila glukozi ya pili inabeba tawi la sukari tatu. Mikono ile ile ilisoma koti ya mikrobi ya mtu na gundi ya mikrobi ya mmea, juu kazi ni moja: kata, pima, paka, sikiliza, na usiamini mpaka vipimo vyote vinaelewana.

Na sisi? RMN ni mashine ya bei kubwa. Lakini RMN haiwezi kusoma mikrobi yenye hakuna mtu aliichukua. Mnyororo wa kazi unaanzia mbali na sumaku: mtu anayechukua kinyesi ao kipande cha shina kwa usafi, anayeandika tarehe na kijiji, anayelimisha mikrobi moja safi bila kuichanganya, anayeitunza mu baridi, anayetuma INRB Kinshasa sampuli yenye haijafa njiani. Kazi ile inafanywa hapa, na vijana benye lisansi. Muundo mzuri uliosomwa juu ya sampuli chafu ni uongo mzuri tu.

Nilirudi kwa mama na karatasi. Nilimwambia: «Mama, Ogawa haiko muntu. Ni kolera ile ile ya siku zote. Ku mwili yake iko na manyoya ya sukari, na ku ncha ya manyoya iko na kofia. Yenye iko na kofia njo Ogawa, yenye haina njo Inaba. Na chanjo inajua zote mbili.»

Mama alifikiri kidogo. Akauliza: «Na maji ya kisima, inajua kofia?»

Nikasema hapana. Maji hayachagui.

«Basi leta klore.»

Tulitia klore mu bidon, matone kwa kipimo, tukangoja nusu saa. Kesho yake nilipita kwa jirani. Sikumwambia alikosea mbele ya bantu. Nilimchorea mnyororo ku mchanga, na kijiti: mawe kumi na tano, na ku mwisho jiwe moja nikaweka kizibo cha chupa juu yake. «Kizibo kile njo Ogawa,» nikamwambia. Alikitoa, akakirudisha, akakitoa tena.

«Kintu kadogo vile?»

«Kadogo vile.»

Jioni ile alikuwa anamweleza mwingine, na mawe yake mwenyewe.